Limnic: neno la ziwa ambalo Goma imelifanya la volkano

Alhamisi tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kumwaga lava hadi Buhene, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Constant Ndima, alitangaza kwamba kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, zihame mara moja. Sababu aliyoitoa ni kwamba magma ilikuwa imeingia chini ya mji na kuendelea hadi chini ya ziwa Kivu. Siku hiyo hiyo barabara ya Sake ilijaa watu wenye magodoro kichwani, mpaka wa Gisenyi, upande wa Rwanda, ukafurika, na bandarini watu wakagombea nafasi kwenye meli za Bukavu. Kwenye simu, neno moja likaruka kutoka kikundi kimoja cha WhatsApp hadi kingine: limnique. Waliosoma habari za Kiingereza waliliona likiandikwa limnic.

Tangu siku ile neno hilo halijatutoka. Ardhi ikitetemeka kidogo, au anga juu ya Nyiragongo ikiwa nyekundu kuliko kawaida, linarudi midomoni, na kila mmoja analitumia kwa maana yake. Kuna wanaodhani ni jina la volkano ya tatu, baada ya Nyiragongo na Nyamulagira. Kuna wanaoliita limnique kila gaz inayoua, ikiwemo mazuku, yaani gesi inayotoka kwenye nyufa za ardhi. Wengine wanaamini maana yake ni ziwa kuchemka, na wengine kwamba ni uongo wa wazungu wanaoitaka methani yetu, gesi ya ziwani inayowaka. Mimi naona mkanganyiko huu ni hatari. Lava, mazuku na mlipuko wa limnic ni mambo matatu tofauti, na kila moja linamtaka mtu akimbie kwa namna yake. Anayekosea jina anaweza kukosea na njia ya kukimbilia.

Neno lenyewe kwanza

Limnic ni kivumishi cha Kiingereza, na ni adimu hata kwa Waingereza wenyewe. Mtu anaweza kuzeeka London bila kulitamka hata mara moja. Hutamkwa lim-nik, herufi m na n zote zikisikika. Kifaransa ni limnique, na ndiyo sura tuliyoizoea hapa. Asili yake ni neno la Kigiriki cha kale, limne, yaani ziwa, bwawa, au maji yaliyotuama. Basi maana yake ya msingi ni ya kawaida kabisa: cha ziwa, kinachohusu ziwa, kilichofanyika ziwani. Moto haumo ndani ya neno hilo, sumu haimo, wala kifo.

Katika mzizi huo huo ndimo ilimotoka limnolojia, elimu ya maziwa, iliyowekewa msingi na Mswisi François-Alphonse Forel aliyetumia maisha yake kulichunguza ziwa Léman. Juzuu ya kwanza ya kitabu chake ilitoka mwaka 1892. Na mzizi huo uko sahanini mwetu. Sambaza, samaki mdogo ambaye akina mama wa Kituku wanampima kwa bakuli kila asubuhi, kwa jina la kitaalamu ni Limnothrissa miodon. Limno ni ziwa, thrissa ni samaki wa jamii ya dagaa. Hakuwa wa Kivu zamani. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo watu wa pande zote mbili za ziwa wanalea watoto kwa biashara yake.

Wanajiolojia nao wana matumizi yao. Wanaposema bonde la makaa ya mawe ni limnic, wanamaanisha makaa hayo yaliundwa kwenye maziwa na mabwawa ya bara, mbali na bahari, kama bonde la Saint-Étienne huko Ufaransa. Yaliyoundwa karibu na pwani yana kivumishi kingine, paralic. Matope yaliyotulia chini ya ziwa kwa maelfu ya miaka pia huitwa limnic. Mtu akikutana na neno hili kwenye kitabu cha migodi hana sababu ya kushtuka. Na kwa habari za kila siku za ziwa, kama samaki, mimea au vijiji vya ufukweni, Kiingereza kinapendelea kivumishi kingine chenye asili ya Kilatini, lacustrine. Kipo pia limnetic, kinachofanana mno na letu, lakini chenyewe kinataja ile sehemu ya maji ya wazi iliyo mbali na ufuko.

Kwa hiyo limnic peke yake haitishi. Linatisha linapofungwa pamoja na neno eruption, na hapo ndipo tunapopotea. Tunasikia mlipuko, na sisi wa Goma tukisikia mlipuko macho yanaruka moja kwa moja kwenye mlima. Lakini sifa hii inaeleza kitu gani kimelipuka: ziwa. Mlipuko wa limnic ni gesi nyingi iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji ya kina cha ziwa kutoka yote kwa ghafla. Unaweza kutokea bila tone la lava, bila mwali wa moto, na bila volkano yoyote kulipuka siku hiyo.

Usiku wa Nyos

Matumizi haya ya neno ni ya juzi tu, na yametoka hapa hapa Afrika. Tarehe 15 Agosti 1984, kando ya ziwa Monoun nchini Kameruni, watu 37 walikufa bila mtu kuelewa kilichowaua. Miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa lingine la nchi hiyo, Nyos, lilitoa wingu la kaboni dioksidi lililoteremka mabondeni kwa kilomita zaidi ya 20. Zaidi ya watu 1,700 walikufa, na ng'ombe na mifugo mingine kama 3,500. Nyumba zao zilibaki zimesimama. Waliofika wa kwanza walikuta sufuria, vitanda na milango mahali pake, na watu wamelala chini walipokuwa. Ziwa lenyewe, ambalo siku zote lilikuwa la buluu, lilikuwa limegeuka rangi ya kutu kwa chuma kilichopandishwa kutoka chini.

Wataalamu walikutana Yaoundé mwezi Machi 1987 na wakabishana vikali. Upande mmoja ulisema volkano ndiyo iliyolipuka chini ya ziwa. Upande wa pili, akiwemo Haraldur Sigurdsson wa Iceland aliyekuwa ameichunguza Monoun, ulisema gesi ilikuwa imejikusanya ndani ya maji kidogo kidogo kwa muda mrefu, kisha ziwa likajipindua. Maelezo ya upande wa pili ndiyo yaliyoshinda, na katika miaka hiyo kivumishi hiki cha vitabuni kikapata kazi mpya. Kuhusu kitu gani hasa kilichoamsha Nyos usiku ule, kama ni maporomoko ya mawe, upepo, au maji ya chini kujaa gesi kupita kiasi, mabishano hayajaisha.

Namna gesi inavyotoka ndani ya maji, kila mtu ameiona kwenye chupa ya sukre. Chukua Fanta ambayo haijafunguliwa, itazame kwenye mwanga: maji matupu ya rangi, hakuna povu hata moja. Gesi imo, lakini imeyeyuka, kwa sababu kizibo kinaibana. Fungua kizibo, mbano unapungua, na povu linazaliwa pale pale. Ziwa halina kizibo cha bati. Linachokuwa nacho ni uzito wa maji yake. Kila ukishuka mita 10, mbano unaongezeka kwa kiasi kama cha hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwenye mita 300 mbano huo umefika mara 30 na zaidi, na maji yanaweza kubeba gesi nyingi mno bila kuonyesha dalili. Kitu kikiyasukuma maji hayo juu, hadi pale ambapo mbano hautoshi tena, mapovu yanaanza. Mapovu yanapanda na kuvuta maji ya chini nyuma yake, nayo maji hayo yakipanda yanatoa mapovu yake, na kazi inajiendesha yenyewe hadi gesi ipungue.

Maziwa mengi ya dunia hayawezi kufika hapo. Katika nchi zenye baridi kali, maji ya juu yanapoa kila mwaka, yanakuwa mazito, yanazama, na ya chini yanapanda. Gesi inapata nafasi ya kutoka taratibu. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Maziwa ambayo yanajulikana kubeba gesi hii kwa wingi wa kutisha ni matatu tu: Nyos, Monoun na Kivu.

Kivu ilivyopangwa ndani

Jioni wavuvi wa sambaza wanatoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikining'inia juu ya maji, wakiimba. Samaki wanaowafuata wanaishi kwenye ngozi tu ya ziwa. Hewa ya kupumulia samaki inaishia kwenye mita kama 60, na ziwa linashuka hadi mita 485. Chini ya hapo hakuna samaki. Kuna bakteria tu, na baadhi yao ndio wanaotengeneza methani.

Ukishusha kipimajoto, mambo yanakuwa ya ajabu. Maji yanapoa kidogo unavyoshuka, halafu kuanzia mita 80 hivi yanaanza kupata joto tena, na chini kabisa yana joto kuliko ya juu. Maji yenye joto kwa kawaida hupanda. Ya Kivu hayapandi kwa sababu yana chumvi nyingi na kaboni dioksidi nyingi, na vitu hivyo viwili vinayafanya kuwa mazito. Chemchemi za chumvi zinazotoka chini ya ziwa zinayalisha hivyo siku zote. Matokeo yake ni tabaka juu ya tabaka, na mpaka mkubwa kuliko yote uko kwenye mita kama 250 hadi 260. Chini ya mpaka huo ndipo ilipo hazina, na ndipo ilipo hatari. Wataalamu wanakadiria kwamba gesi yote ya ziwa, ikipimwa kama ingekuwa nje hewani, ni kilomita za ujazo 300 hivi za kaboni dioksidi na 60 hivi za methani. Nyos ukiilinganisha na Kivu ni dimbwi, na kandokando ya Kivu wanaishi watu wapatao milioni mbili.

Lakini kuna jambo ambalo mfano wa chupa unalificha, nami nataka lisikike kama linavyosikika lile la kutisha. Sukre kiwandani hujazwa gesi kiasi kwamba ukifungua tu inatoka. Maji ya Kivu hayajafika huko. Hata pale gesi ilipo nyingi zaidi, imefikia karibu nusu tu ya kiasi ambacho maji ya kina hicho yanaweza kubeba. Ili mapovu yaanze, kitu kikubwa sana lazima kiyapandishe maji ya kina kirefu kwa mita nyingi. Boti haiwezi. Upepo wa ziwani hauwezi. Hata tetemeko la kawaida, kama yale mengi yaliyopasua kuta zetu Mei 2021, halikufanya hivyo.

Je, gesi inaongezeka? Hapa uvumi una mzizi wa kweli. Mjerumani Klaus Tietze aliipima katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 2005 watafiti walichapisha hesabu iliyoonyesha methani imeongezeka kwa asilimia zinazofika 15 ndani ya miaka 30, na habari hiyo ikaenea kwamba ziwa linajaa haraka. Mwaka 2018 timu kadhaa zikarudi na vyombo vya aina tofauti, zikapima ziwa hilo hilo na kulinganisha majibu. Matokeo yaliyochapishwa 2020 hayakuona ongezeko hilo. Gesi inayoingia na inayotoka zinaelekea kulingana. Anayekuambia leo kwamba Kivu imebakiza miaka michache ijae, huenda anasoma karatasi ya zamani bila ile iliyoisahihisha.

Volkano inaingia wapi?

Volkano inaweza kuwa chanzo cha mlipuko wa limnic. Haiwi mlipuko wenyewe. Kwa nini basi lava iliyoingia ziwani tarehe 17 Januari 2002 haikuliamsha ziwa? Siku ile mto wa lava ulikata katikati ya Goma na kumwagika majini huku watu wakitazama mvuke ukipanda. Wengi wetu tulidhani huo ndio mwisho. Wataalamu walipopima baadaye walikuta matabaka ya chini hayajavurugwa. Lava ilikuwa imetoka nchi kavu, ikaingilia juu, ikapoa na kuganda kwenye maji yasiyo na gesi ya kutosha. Haikufika chini ya ule mpaka wa mita 250.

Mwaka 2021 hofu ilikuwa ya aina nyingine, na kwa kweli ilikuwa halali. Safari hii magma haikushuka juu ya ardhi kuelekea ziwani. Ilipenya ndani ya miamba, ikapita chini ya mji, ikaelekea chini ya ziwa. Kama ufa ungefunguka kwenye sakafu ya ziwa pale penye kina kirefu, magma ingekutana moja kwa moja na maji yaliyojaa gesi, ikayapasha joto na kuyapandisha. Hicho ndicho kitu kikubwa nilichokitaja. Ufa haukufunguka. Magma ilibaki ndani ya miamba, matetemeko yakapungua, na mwezi Juni watu wakaruhusiwa kurudi. Waliosema baadaye kwamba walidanganywa kuhusu limnique hawakudanganywa. Waliambiwa juu ya uwezekano, kwa neno ambalo hakuna aliyewafafanulia.

Kosa la kuogopesha zaidi kwangu ni kuichanganya limnic na mazuku, kwa sababu mazuku inaua sasa hivi, mtu mmoja mmoja, na mara nyingi mtoto. Gesi ni ile ile, kaboni dioksidi, isiyo na rangi wala harufu, nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu. Njia ndiyo tofauti. Mazuku inatoka ardhini, kwenye nyufa za mawe, na ziwa halihusiki. Upande wa Lac Vert, Bulengo na Mugunga kuna mabonde madogo ya mawe ya lava, mengine hayazidi kimo cha mtu. Asubuhi mapema, upepo ukiwa umelala, gesi inajaa humo. Mtu mzima akisimama ukingoni kichwa chake kiko kwenye hewa safi, hahisi kitu. Mbuzi aliye hatua tatu chini yake ameshaanguka. Mtoto anashuka kumfuata mbuzi, na mama anashuka kumfuata mtoto. Hewa ikiwa na kaboni dioksidi ya asilimia 10 na zaidi, mtu anapoteza fahamu ndani ya dakika chache. Ikizidi sana, pumzi chache tu zinatosha. Anayeona mtu au mnyama ameanguka kwenye shimo la namna hiyo asishuke. Avute kwa kamba kutoka juu kama inawezekana, aite watu, na asiiname.

Basi tazama namna ya kukimbia. Lava inafuata njia yake mteremkoni, na anayeiona anaondoka kwenye njia hiyo kwa upande. Mazuku haikimbizwi: unapanda hatua chache tu na uko salama. Wingu la mlipuko wa limnic lingesambaa juu ya maji na kutafuta mabonde, kwa hiyo usalama uko juu, mbali na ufuko. Mtu anayeikimbia lava kutoka kartie ya Majengo anateremka kuelekea ziwani, na mwili wenyewe unampeleka huko. Mtu anayeikimbia gesi ya ziwa anatakiwa kupanda. Neno moja likitumika kwa yote mawili, tangazo la dharura litawapeleka watu pabaya.

Kuna pia wanaosema ziwa litawaka moto, kwa kuwa methani inawaka. Methani inawaka kweli ikichanganyika na hewa kwa kiasi fulani. Lakini ndani ya Kivu kaboni dioksidi inaizidi kwa mara tano, na kaboni dioksidi inazima moto. Kilichoua Nyos ni kukosa pumzi, na ndicho cha kuogopwa hapa.

Kuitoa gesi ni kuliamsha ziwa?

Swali hili linaulizwa kila mradi mpya unapotajwa, na ni swali zuri. Kutoa methani Kivu si jambo jipya: mwaka 1963 kiwanda kidogo upande wa Rwanda, Cap Rubona, kilianza kuipatia gesi kiwanda cha bia cha Gisenyi. Leo mtambo wa KivuWatt, karibu na Karongi, inazalisha megawati 26, na mradi mwingine mkubwa zaidi uko Rubavu. Namna yenyewe inatumia ile ile nguvu tunayoiogopa. Bomba linashushwa zaidi ya mita 300, maji yanavutwa mwanzoni kwa pampu, na yakishaanza kupanda mapovu yenyewe yanayabeba. Gesi inatenganishwa, methani inachukuliwa, maji yanarudishwa ziwani. Kameruni walifanya hivyo Nyos kuanzia 2001 bila kutafuta umeme, ili tu kuliondolea ziwa gesi: bomba lilitoa chemchemi ya kimo cha mita 50 hivi, ikirusha maji mchana na usiku bila pampu.

Kitendo cha kutoa gesi kinapunguza hatari, kikifanywa vizuri. Tatizo liko kwenye kurudisha maji. Yakirudishwa juu mno, yanabeba virutubisho na sumu hadi kwenye maji ya sambaza. Yakirudishwa bila hesabu ya uzito wake, yanaweza kuulegeza ule mpaka wa mita 250 unaotulinda. Ndiyo maana kina cha kurudishia maji ni jambo la sheria na upimaji, na linahusu nchi zote mbili, maana ziwa ni moja. Zaire na Rwanda zilikubaliana tangu 1975 kuitumia gesi hii kwa pamoja. Mwaka 2022 Kinshasa ilifungua zabuni ya vitalu vitatu upande wetu: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Tutakaposikia habari zake tena, kuuliza megawati ngapi ni haki yetu, lakini swali la kwanza liwe: maji yatarudi kwenye mita ngapi?

Watu wa Bukavu hupenda kusema limnique ni ya Goma. Wana sehemu ya haki. Maji yenye kina na gesi yako kwenye bonde kubwa la kaskazini. Ghuba ya Bukavu ina kina cha mita kama 100 tu, na haifiki popote karibu na ule mpaka. Hata hivyo wingu likishatoka haliulizi limetoka bonde gani, na maji ya Kivu yanatokea kwenye mto Ruzizi, ambao bonde lake linateremka kuanzia hapo hapo mjini.

Mahali ambapo mimi ningeelekeza macho kwanza ni kona nyingine, ndogo, isiyotajwa sana: ghuba ya Kabuno, upande wa Sake na Bweremana. Imetengwa na ziwa kubwa kwa kizingiti chembamba kilicho mita kama 10 tu chini ya maji, na kwa hiyo ina tabia zake. Kwenye ziwa kubwa, maji yaliyojaa gesi yamefunikwa na mita 250 za maji mengine. Kabuno, maji yenye kaboni dioksidi nyingi yanaanza kwenye mita 11 au 12, kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Kifuniko ni chembamba, na volkano ziko karibu. Ni ghuba ndogo, gesi yake ni sehemu ndogo ya ile ya ziwa zima, na mabomba kama ya Nyos yanaweza kuipunguza kwa gharama ambayo haiwezi kulinganishwa na ya mradi wa umeme. Watu wa Bweremana wanavua juu yake kila siku. Wana haki ya kujua nani anayepima gesi hiyo, anapima mara ngapi kwa mwaka, na majibu yanatangazwa kwenye redio gani, kwa Kiswahili wanachokisema wao.